Baraka: Demareri mbili na waya mmoja uliosahaulika

BARAKA, Fizi – Beseni zilikuwa zimepangwa tangu saa kumi na moja alfajiri, na ilipofika saa tatu hazikuwa zimesogea. Ndani ya kibanda, mama mwenye mashini ya kusaga alizungusha ufunguo mara ya nne. Tak! Kisha kimya. Wanawake waliokimbia kutoka milima ya juu, ambao wengi wao hulipwa mihogo kwa kulima mashamba ya wenyeji, wakaanza kunyanyua beseni zao. Kutwanga mihogo ya kutosha watoto sita au saba kwenye kinu cha mti kunakula siku nzima, na siku hiyo mtu halimi wala halipwi.

Mama huyo alikuwa na dola 80 zilizofungwa kwenye kitenge. Zilikuwa za kikundi chao cha akiba, si zake peke yake. Alikuwa amekwisha amua kununua demareri nyingine, ya tatu ndani ya mwaka mmoja.

Ya kwanza iliungua, na sababu yake haikuwa siri. Moteri yake ni ya mazutu, Toyota 3L ya silinda nne, iliyotolewa ndani ya pikapu ya zamani na kufungwa juu ya mbao. Muuzaji alimpa demareri ya gari dogo la esansi, akatoboa tundu jipya ili ikae. Juu ya meza ilizunguka vizuri, ikatoa mlio mtamu, na mama akalipa. Lakini demareri kuzunguka bila mzigo haithibitishi kitu.

Moteri ya esansi hukandamiza hewa mara nane hadi kumi na moja hivi. Ile 3L huikandamiza karibu mara 22. Haina bujii ya kutoa cheche. Mazutu huwaka kwa sababu hewa iliyokandamizwa imepata moto mkali. Ikizungushwa polepole, hewa inapenya pembeni ya pistoni na joto linapotelea kwenye chuma, basi hata ukizungusha mpaka bateri ife, hupati kitu ila moshi mweupe. Kwa hiyo demareri yake inatakiwa iwe na nguvu ya kilowati 2 au zaidi. Ile ya gari dogo la esansi huwa na kilowati 1 hivi, pengine pungufu. Ilijitahidi wiki chache, ikanuka, ikafa.

Ya pili ilikuwa sahihi: ya moteri ileile, volti 12, yenye gia ndani ya kuongeza nguvu, na meno yake yalihesabiwa yakalingana na ya zamani. Ndiyo hii iliyokuwa sasa inasema tak na kunyamaza.

Fundi aliyeitwa ni kijana aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, akajifunzia kazi kule. Yeye husema stata, watu wa Baraka husema demareri, na wanacheka kila mara. Alikuta mama ameshavaa viatu vya kwenda sokoni.

"Mama, usinunue kitu kwanza. Nipe nusu saa."

"Mwanangu, nusu saa ngapi? Watu wanaondoka."

Alitoa kipimo cha volti. Bateri ikiwa imepumzika ilionyesha 12.6, yaani imejaa. Akaomba ufunguo uzungushwe huku akipima: bateri ikashuka hadi 10.4, jambo la kawaida. Lakini kwenye demareri yenyewe, kati ya nguzo yake na mwili wake, zilifika 7.8 tu. Volti 2.6 zilikuwa zinapotelea njiani. Akapima tena, mara hii kati ya nguzo hasi ya bateri na chuma cha moteri, ufunguo ukizungushwa. Volti 2.1. Mwizi alikuwa upande huo.

Ndani ya gari, umeme hurudi kwenye bateri kupitia chuma cha gari na waya mnene unaoshika moteri. Hapa moteri imelala juu ya mbao. Aliyeifunga alirudisha umeme kwa waya mwembamba wa taa za nyumba, akaukaza kwenye bulo yenye kutu na rangi juu yake. Demareri ya moteri kama hii huvuta ampea 200 na kuendelea. Waya ule ulikuwa wa moto hata kuushika ni shida, na hakuna aliyewahi kuushika.

Angeambiwa anunue ya tatu, angeinunua, na ingesema tak vilevile.

Mlio nao ungewasaidia kama wangeusikiliza. Tak-tak-tak ya haraka mara nyingi ni bateri dhaifu. Tak moja na kimya ni waya, au vigusio na sharboni ndani ya demareri. Ikilia bila moteri kuzunguka, ni meno hayashiki.

Waya mnene ulipatikana kwa fundi pikipiki jirani. Kijana alikwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, akakaza. Kipimo cha mwisho: bateri 9.9, demareri 9.5. Moteri ikashika kabla mama hajahesabu mbili.

Fundi alimwonya asizungushe ufunguo zaidi ya sekunde kumi, kisha aipumzishe demareri ipoe kabla ya kujaribu tena. Alimwambia pia kwamba sharboni zimeliwa nusu. Zibadilishwe kabla ya mvua. Akachukua dola 5 na bakuli la unga.

Zile 80, ukitoa waya na malipo ya fundi, zilirudi kwenye kibati cha kikundi jioni ileile, zikahesabiwa mbele ya wote. Wanawake waliokuwa wameondoka walisikia mlio wa mashini wakiwa njiani. Wengine walirudi, na mmoja alirudi akigomba kwamba nafasi yake kwenye mstari imechukuliwa.