Volti 9 za Kwenye Lebo

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Tanga, na miaka ya tisini kila shule zikifungwa kibanda chake kilijaa watoto wenye gemu. Nyingi zilikuwa nakala za Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kila mmoja alikuja na kauli ileile: "Fundi, gemu limekufa." Mjomba hakugusa gemu. Alisema, "Lete adapta."

Adapta za wakati ule zilikuwa nzito kweli. Ndani mna transfoma, dayodi na kapasita, basi. Lebo inasema volti 9, lakini ukiipima tupu mita inapanda mpaka 12 au 13, na mwenyewe anaapa kuwa ni nzima. Mjomba alikuwa akiibebesha kwanza balbu ya pikipiki, ndipo anapima. Nzima ilishuka ikatulia karibu na 9. Mbovu iliporomoka hadi 5 au 6, na hapo jibu limepatikana, kwa sababu ndani ya gemu kuna 7805, kidude cha miguu mitatu kinachotoa volti 5, nacho kinahitaji kuingiziwa kama 7 hivi. Zikipungua, Mario anarudi mwanzo kila akiruka, au mistari mipana myeusi inapanda polepole kwenye runinga. Mistari ile ni kapasita iliyokauka. Mjomba alifunga mpya ya volti 25, si 16, kwa kuwa aliijua ile 13 ya adapta isiyo na mzigo.

Zikaja adapta za kuchagua volti, zenye swichi ya kugeuza chanya na hasi. Famicom inataka hasi katikati ya pini. Zilizogeuzwa ziliunguza gemu nyingi, na mjomba akaanza kupaka pini rangi nyekundu ya kucha ili watoto wasichanganye. Adapta za volti 100 zilizotoka Japani zenyewe zikichomekwa kwenye umeme wetu wa 230 zilinuka moshi, ingawa mara nyingi gemu lenyewe lilipona.

Leo kazi hiyo naifanya mimi, na wanaokuja ni watu wazima wanaofufua Sega zao. Adapta zimekuwa nyepesi, zinapokea volti 100 hadi 240, na 9 ni 9 ukipima vyovyote. Kwa gemu ni nafuu kubwa. Kwa fundi ni shida: zimegundishwa, hazina skrubu, na za bei rahisi hudanganya ampea, zikileta vinyweleo vya mshazari kwenye picha. Ile ya hasi na chanya haijatutoka. Mega Drive ya kwanza ya Sega ina hasi katikati, ya pili ina chanya. NES, yaani Famicom ya Marekani, ndiyo ngumu zaidi: adapta yake hutoa volti 9 za AC, kwa sababu dayodi zake zimo ndani ya mashine. Ukiichomeka adapta hiyo kwenye Famicom, unaiua.