Barua kwa Mwanangu Aendaye Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Baba yako kanipigia simu jana kuniambia kwamba Ijumaa unapanda treni kwenda Mombasa na hujui pa kuanzia. Mji ule ndio ulionilea, basi nisikilize mimi shangazi yako.

Treni itakushusha Miritini, mbali na mjini. Ukifika usiku, nenda moja kwa moja ukalale. Mombasa kila kitu kina saa yake.

Asubuhi, kabla ya saa mbili, ingia Mji wa Kale ukale mahamri kwa mbaazi za nazi. Usitafute hoteli; tafuta mama anayekaanga nje ya nyumba yake, mwenye watu wengi waliomzunguka. Ukija saa nne utakuta ameshaosha sufuria.

Jua likiwa bado changa, nenda Ngomeni, hiyo Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Wengi hupiga picha kwenye mizinga wakatoka. Wewe ingia makumbusho uone vitu vya Santo Antonio de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama hapo chini mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Wapiga mbizi walianza kuvitoa miaka ya 1970.

Kisha Biashara Street, na hapo usiwe na haraka. Leso huuzwa kwa doti, mbili zilizoungana, na mafundi wenye vyerehani watakukatia na kukupindia papo hapo. Shika kitambaa, kiwe pamba. Mama yetu alipenda zilizoandikwa "Mali ya Abdulla", nami bado nazipenda. Lakini kabla ya rangi, kabla ya pindo na mji, soma jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia mama yako doti nzuri nyekundu, sikusoma jina. Lilikuwa fumbo la kuchoma, naye akadhani ndiyo maneno niliyoshindwa kumwambia usoni. Tulikaa miezi mitatu hatusemezani, wewe ukiwa bado mchanga. Jambo lile linaniuma hadi leo. Leso husema, mwanangu, na anayeipokea husikia sauti ya aliyeileta.

Sokoni Marikiti pitia tu ununue iliki na pilipili manga, nusa kwanza.

Alasiri ikipoa, shuka ufukweni Mama Ngina. Kula muhogo wa kukaanga, wenye ndimu na pilipili, na viazi karai kwa ukwaju, unywe dafu. Kaa ukutani utazame meli zikiingia bandari ya Kilindini. Hupita karibu mno, hata mabaharia utawaona. Kwangu mimi hapana mahali pazuri kuliko pale katika mji wote.

Niletee doti moja. Jina chagua mwenyewe, ila nipigie unisomee kabla hujalipa.

Shangazi yako akupendaye