Tanga Katika Ziwa Kivu

Yako maneno ya Kiswahili ambayo niliyafundisha kwa miaka ishirini na mitatu bila ya kujua uzito wake mkononi. Mlingoti, foromali, henza, joshi, demani: yote haya niliyaandika ubaoni mjini Kamembe, nikayaeleza kwa kuchora chombo chenye pembe tatu juu yake, kisha nikayafuta. Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa Cyangugu, mahali Mto Rusizi unapotoka katika Ziwa Kivu na kushika njia ya kwenda Tanganyika. Bahari sikupata kuiona. Kiswahili changu ni cha mtaani na sokoni, kile tunachonunulia na kuuzia pamoja na jirani zetu wa Bukavu ng'ambo ya daraja, kisha kikanyooshwa na vitabu.

Neno lililokuwa likinipa taabu kuliko yote ni tanga. Watoto wa kwetu hulijua kwa wingi wake tu, nalo kwao ni jambo la msiba: matanga, watu kukaa na wafiwa. Ukiwaambia kwamba baharia hutweka matanga na moyo wake ukafurahi, hukutazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. Wala si kosa lao. Kiswahili kilifika kwetu kwa miguu, vinywani mwa wapagazi, askari na wachuuzi. Msafara wa von Götzen, mathalani, ulitoka Pangani mwishoni mwa mwaka 1893 na kuliona Ziwa Kivu katikati ya 1894. Mtu aliyebeba mzigo kichwani kwa mwendo wa namna hiyo hana haja ya kukumbuka jina la kila kamba ya jahazi.

Mwaka 2017, ule ule ambao Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, nilisoma darasani habari niliyoitafsiri mwenyewe kutoka Kifaransa, habari ya mume na mke wa Ulaya walionunua chombo chao wenyewe wakaizunguka Bahari ya Mediterania kisiwa hata kisiwa, wawili tu, pasipo baharia wa kulipwa. Nia yangu ilikuwa msamiati. Msichana mmoja wa viti vya nyuma akainua mkono: "Na wewe, Mwalimu, wewe na mama mmekwisha kufika wapi kwa ziwa letu?" Darasa likacheka. Nikajibu kwamba ziwa si bahari. Jibu hilo halikumridhisha, na usiku kitandani halikuniridhisha mimi.

Mke wangu ni mzaliwa wa kisiwa cha Nkombo, kilicho karibu kabisa na mji wetu, ambako watu wana lugha yao ya nyumbani mbali na Kinyarwanda. Baba yake alikuwa mvuvi, naye mwenyewe ameuza sambaza tangu ujana wake. Kasia alilijua kabla ya kalamu. Nilipomweleza shauri la kununua mashua kuukuu ya mbao, yenye urefu wa mita saba, tuitie tanga na kufika nayo Gisenyi, aliuliza mambo mawili: fedha zitoke wapi, na kwa nini upepo ilhali makasia yapo. Fedha zilikuwa zile tulizoweka kwa ajili ya kuezeka upya nyumba. Juu ya hilo tulibishana majuma matatu. Hatimaye alikubali kwa sharti moja, kwamba yeye ndiye atakayesema lini tuingie majini na lini tutoke. Nikakubali upesi, kama akubalivyo mtu sharti asilokusudia kulishika.

Seremala wetu hakuwa ametengeneza chombo cha tanga maishani mwake, kwani katika Kivu watu hupiga makasia au hutia mashine. Mlingoti tulikata mkaratusi, foromali ikawa ya mwanzi, na tanga likawa turubai la kijani lililoshonwa na fundi cherehani wa sokoni, ambaye mpaka mwisho alidhani ni hema la arusi. Farumi, yaani ule uzito wa kutuliza chombo kisipinduke, tulitia magunia ya mchanga. Siku ya kujaribu nilisimama tezini nikaamuru kwa sauti ya kitabu: "Tweka matanga!" Mke wangu akaacha kamba. "Mwalimu," alisema, "neno hilo usilitaje ndani ya mtumbwi." Nikajaribu kulisema kwa umoja, hata hivyo hakulipenda. Tangu siku hiyo tukawa tunaliita turubai.

Tuling'oa nanga mwezi wa Julai 2018, katikati ya kiangazi. Ziwa Kivu liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,460 hivi; urefu wake ni karibu kilomita 90, na kina chake hupita mita 470. Mamba hawamo wala viboko, hivyo hofu ya msafiri ni maji yenyewe na upepo. Na hapo nilikutana na jambo nililolifundisha nisilielewe. Katika miezi ya kiangazi upepo mkubwa wa ziwa letu hutoka kusini. Ni miezi ile ile ambayo pwani huvuma kusi, upepo uliokuwa ukiyarudisha majahazi Uarabuni kutoka Zanzibar. Majina ya pepo nilikuwa nikiwakaririsha wanafunzi kama majina ya wafalme waliokufa. Kumbe mmoja wao alikuwa hai, akinipuliza kisogoni. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kama nimekunywa kitu.

Usiku wa kwanza tulilala ufukoni upande wa Nyamasheke. Jua lilipozama walitoka wavuvi wa sambaza: mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na fito zilizochomoza mbele na nyuma kama pembe za ng'ombe. Walikuwa wakiimba ili makasia yaende sawa, na giza lilipoingia tukabaki kuona taa zao na kusikia sauti tu. Samaki huyu sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na huko Kigoma huhesabiwa miongoni mwa dagaa. Nilimweleza mke wangu habari hiyo kwa fahari ya mwalimu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi baba yangu alimvua mgeni maisha yake yote." Baadaye naye akanifundisha la kwake: taa zikionekana zinakuja ufukoni zote pamoja, kabla ya saa yake, mtu asiingie majini.

Siku ya pili jioni tuliiona rasi ya Kibuye na kanisa lake, mahali ambapo maelfu ya watu waliuawa Aprili 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Tulitua turubai tukapiga makasia kimya mpaka tukaipita rasi. Hapo lile neno alilolikataza mke wangu lilikuwa na maana yake ya kwetu, nami sikuwa na hoja.

Si mbali na hapo, juu ya maji, unaelea mtambo unaovuta maji ya kilindini na kutoa ndani yake gesi ya methani. Umeme wake, megawati 26, ulizinduliwa mwaka 2016. Chini ya ziwa hili imo gesi nyingi iliyoyeyuka majini, methani pamoja na kaboni dayoksaidi. Ziwa Nyos la Kameruni lilipotoa gesi yake ghafla mwaka 1986, watu wapatao 1,700 walikufa. Hayo yote binadamu hupita juu yake akimenya ndizi.

Gisenyi tulifika siku ya nne adhuhuri. Usiku wake tuliuona wekundu wa Nyiragongo angani, mlima wa moto wa upande wa Kongo, ambao mwaka 2002 lava yake ilipita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Wenyeji wa huko wana neno mazuku: ni mabonde madogo yanayokusanya hewa nzito itokayo ardhini, asubuhi ukakuta mbuzi amekufa humo pasipo jeraha. Neno hilo la Kiswahili cha maziwa leo limo katika maandishi ya wataalamu wa volkano wa nchi za mbali. Katika kamusi yangu, niliyoichukua ndani ya mfuko wa nailoni isilowe, sikulikuta. Nililiandika pembezoni kwa penseli, chini yake nikaandika sambaza. Nilisikia haya kidogo. Miaka yote ile niliwafundisha watoto wa ziwa maneno ya bahari, na haikuwapo siku hata moja niliyowauliza ya kwao.

Kurudi ndiko kulikokuwa safari hasa, maana kusi sasa ilikuwa usoni. Wasomaji wanajua kwamba neno kubisha lina maana zaidi ya moja: kubisha hodi, kubisha kwa kukana maneno ya mtu, na kubisha kwa chombo kinachokwenda dhidi ya upepo. Hii ya tatu nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kuwa ni chombo kupambana na upepo uso kwa uso. Si kweli hata kidogo; hakuna tanga liwezalo hilo. Chombo huuweka upepo kando ya omo, kikaenda mshazari upande mmoja, kikageuka, kikaenda mshazari upande wa pili, na katika kila mwendo hujipatia hatua chache za mbele. Turubai letu bovu, na mashua isiyo na mkuku wa maana, vilitupa chache mno. Siku ya kwanza tulibisha kutwa nzima, na jioni tukauona mti ule ule tulioupita asubuhi.

Siku ya tatu, kusini mwa Kibuye, tuliondoka saa kumi alfajiri ili tuuwahi utulivu. Mikono yangu ilikuwa imechubuka kwa demani, ile kamba inayoizuia pembe ya chini ya tanga. Mke wangu alikuwa kwenye usukani. Mbali kidogo taa za sambaza zilikuwa zikija ufukoni, zote pamoja. "Mwalimu, tutoke," alisema. "Wale wanarudi." Nikamjibu kwamba kungali mapema, upepo wa ziwa huamka saa nne. Kisha, ili kupumzisha mikono, nikaifunga demani kwenye ubao wa kukalia. Baharia wa pwani, hata akiwa mtoto, anajua kwamba demani katika upepo wa kubahatisha hushikwa mkononi, upepo ukizidi iachiwe. Mimi nililijua jina la kamba tu.

Upepo uliteremka kutoka milimani kwa ghafla. Mashua ililala ubavu, maji yakaanza kuingia, na magunia ya mchanga yakateleza upande huo huo. Nilikuwa nikivuta fundo lisilofunguka. Sikumbuki nilisema nini. Mwenzangu husema nilikuwa nikitaja sehemu za chombo, moja baada ya moja, kama nasomesha. Aliacha usukani, akachukua kisu chake cha samaki, akaikata kamba. Turubai likapiga kelele hewani, mashua ikainuka ikiwa imejaa maji nusu. Tulifua maji kwa sufuria mpaka jua likatoka. Hakunigombeza. Alitua foromali, akalikunja turubai, akanipa kasia. Kuanzia hapo hadi Kamembe, siku nne nyingine, sharti lake nililishika.

Muhula ulipofunguliwa niliandika kubisha ubaoni na kuwaambia wanafunzi kwamba niliwafundisha vibaya. Yule msichana alitaka kujua kama tulifika. Nikamwambia tulifika Gisenyi. Akauliza, "Na kurudi je?" Kipindi chote kikaishia hapo. Siku iliyofuata nikawaomba waniletee maneno ya ziwani kutoka majumbani mwao, na daftari lile limekwisha jaa nusu. Maneno mengine ni ya Kihavu, mengine ya Kinyarwanda, mengine sijui yametoka wapi, ila wavuvi huyatumia wanaposema Kiswahili, nami sina tena ushujaa wa kusema kwamba si Kiswahili.

Paa la jikoni bado linavuja. Mashua tunayo. Jumamosi kukiwa na upepo mwema huenda Nkombo kuwaona shemeji zangu, turubai likiwa juu na mke wangu kwenye usukani. Demani hushika mimi. Jina hilo yeye halitaji. Huiita kamba ya Mwalimu, na upepo ukizidi hupeleka mkono kwenye kisu bila ya kunitazama.