Kutoka Milima ya Kisanga Hadi Mkondoa

Mikumi wengi huipita ndani ya basi. Barabara kuu ya Iringa na Mbeya inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, abiria wanachungulia twiga na nyati dirishani, kisha mji unafika na madereva wa bodaboda wanawazunguka wanaoshuka. Nilishuka hapo. Nilitaka kupanda upande wa milima ya Kisanga, kata ya wilaya ya Kilosa, nifuate maji yanakoanzia mpaka yanakogombaniwa.

Dereva alifunga mzigo wangu kwa mpira, akaniuliza kama nimezoea vumbi, tukaondoka.

Wilaya ya Kilosa ina mabonde mawili ya maji. Upande wa kusini, kuanzia Malolo hadi Ruhembe na Kidodi, mito inashukia Ruaha Mkuu, ule unaozungusha mitambo ya Kidatu yenye uwezo wa megawati 204 kabla ya kuungana na mito mingine kuelekea Rufiji na bwawa la Julius Nyerere. Kaskazini, Miyombo na Mkondoa inaingia kwenye mbuga ya Tendigo na tambarare ya Mkata. Yakitoka huko maji yanaitwa Wami, na yanafika baharini karibu na Saadani. Ofisi nazo ni mbili: Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa, ya Wami/Ruvu iko Morogoro. Mkulima anayetaka kibali cha kuchepusha maji anaelekezwa huku au kule kutegemea shamba lake limeinamia wapi.

Njia ya Kisanga inapanda na kushuka kati ya mahindi, mbaazi na vipande vya miombo. Kwenye kijito kimoja tuliteremka ili pikipiki ivuke. Mahindi yalikuwa yamepandwa mpaka ukingoni kabisa. Mstari wa mwisho ulikuwa umeinama na ukingo wake, mizizi inaning'inia, na chini yake udongo mwekundu umetanda juu ya mchanga. Hatua chache mbele mama mmoja alikuwa anachota maji kwa ndoo kumwagilia mchicha na nyanya kwenye vinyungu vyake, bustani zake za bondeni. Shikamoo yangu aliipokea bila kuacha kazi.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri, na ukingo ule ulioporomoka unaitetea vizuri kuliko hotuba yoyote. Lakini mita 60 kila upande wa kijito, kwenye bonde jembamba la milimani, ndiyo bonde lenyewe. Mlimani mahindi yanategemea masika. Bondeni mboga zinatoka kiangazi, na hizo ndizo zinazolipa daftari na sare. Kumwambia mama yule ahame bila kumwonyesha pa kulima ni kumfukuza tu. Ndiyo maana mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, ambao Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inauwezesha, una uzito kuliko kibao cha onyo. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa, unasema hapa tunalima, hapa tunalisha, hapa hapaguswi.

Mfano wa mpango wa namna hiyo hauko mbali. Kuanzia mwaka 2012 Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, likishirikiana na MJUMITA, ambao ni mtandao wa vijiji vinavyosimamia misitu, na shirika la TaTEDO, lilianza kazi ya mkaa endelevu katika vijiji vya Kilosa, vikiwemo Ulaya Mbuyuni na Ihombwe. Fedha zilitoka Uswisi. Wazo lenyewe liliwashangaza wengi: kuokoa msitu kwa kuuza mkaa.

Utaratibu uko hivi. Kijiji kinatenga msitu wake wa hifadhi, na ndani yake sehemu ndogo inakuwa ya mkaa. Sehemu hiyo inagawanywa viploti vya mita 50 kwa 50. Kinavunwa kimoja, cha jirani kinaachwa, mithili ya bao la drafti, na kiploti kilichovunwa kinapumzika miaka 24. Miteremko mikali na kingo za mito haziguswi. Visiki havichomwi wala kung'olewa, kwa sababu mtondoro na myombo huchipua kutoka kwenye kisiki, na chipukizi lenye mizizi ya mzee hukua haraka kuliko mche. Ushuru uliingia mfuko wa kijiji, ukajenga madarasa na kuchimba visima. Mtu aliyezoea kuuona msitu kama mali ya serikali akaanza kuulizia hesabu zake.

Kisha zikaja kanuni za misitu za mwaka 2019, Tangazo la Serikali Na. 417, zilizoipa kamati ya uvunaji ya wilaya kauli kubwa juu ya nini kivunwe. Nia ya kudhibiti uvunaji holela naielewa. Hata hivyo kijiji kinacholinda msitu usiku na mchana kinastahili kubaki na kauli ya kwanza, la sivyo doria itakufa.

Kadiri unavyoshuka kuelekea kata ya Ulaya na tambarare, miti inapungua na ng'ombe wanaongezeka. Tendigo hubaki na majani kiangazi, na kila mwenye mifugo analijua hilo. Wakulima wa mpunga nao wanalijua. Huko Rudewa Mbuyuni, tarehe 8 Desemba 2000, mgogoro wa wakulima na wafugaji uliua watu 38 kwa siku moja. Haifai kuandika juu ya ardhioevu ya Kilosa na kuliruka jina hilo.

Kilosa mjini nilisimama kando ya Mkondoa. Maji haya hayatoki Kisanga. Yanatoka Dodoma kwa njia ya Kinyasungwe na kwenye milima ya Rubeho. Lakini kisa ni kilekile: mteremko ukivuliwa miti, udongo unashuka, kitanda cha mto kinajaa na tuta linazidiwa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulivunja tuta, zaidi ya watu 20,000 wakakosa makazi, na reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe ikasombwa. Treni za abiria kwenda bara zilikatizwa kwa miezi.

Leo treni ya umeme inapita Kilosa juu ya madaraja na ndani ya mahandaki kuelekea Dodoma. Njia ya kulipia ulinzi wa miteremko ya juu ipo: Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inawatoza wenye vibali ada ya kutumia maji, na ada hiyo inaingia kwenye bodi za mabonde. Sehemu yake ingepelekwa kwa kamati za maliasili za vijiji vya juu, kwa ajili ya buti, vigingi vya mpaka na posho ya doria, na mama wa vinyungu akapata mfereji na eneo la kumwagilia nje ya zile mita 60. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kutengeneza upya hata kipande kifupi cha reli.