Kuijua Spiriti Njema

Wazee walinena kwamba vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Nami nathubutu kuongeza: vyote vilivyo vyeupe kama maji usidhani ni spiriti. Spiriti ya kupikia ikitiwa maji haibadiliki rangi, na mnunuzi aweza kulipia moto akapewa maji. Lakini ziko njia nyepesi za kuutafuta ukweli.

Ya kwanza ni mizani. Lita moja ya maji ina uzito wa gramu 1,000 hivi, lakini lita ya spiriti tupu, katika joto la nyuzi 20, ina gramu 789 tu. Pima chupa ikiwa tupu, kisha uipime imejaa. Kadiri uzito unavyozidi, ndivyo maji yalivyo mengi. Hata hivyo, ukipata gramu 810 hivi usimlaumu muuzaji, maana kuikeneka tu hakuwezi kuyaondoa maji yote.

Ya pili ni moto. Funga chupa, iweke mbali, kisha nje ya nyumba uwashe kijiko kimoja cha spiriti katika kisahani cha chuma. Iliyo njema huwaka kwa mwali wa samawati, ikakiacha chombo karibu kikavu. Iliyotiwa maji mengi huzimika mapema na kuacha maji. Jihadhari, kwani mwali huo hauonekani vema juani. Usiongeze spiriti kwa kudhani umezimika.

Ya tatu, tia matone machache katika gilasi ya maji. Yakigeuka kama maziwa, huenda imechanganywa na mafuta ya taa.

Shuleni, mbele ya mwalimu, iko njia ya nne. Mrututu uliokaushwa kwa moto huwa mweupe. Ukikutana na maji, hata kidogo, hurudia rangi yake ya buluu.

Lakini shika neno hili. Methanoli, ambayo ni sumu, nayo ni nyeupe, huwaka kwa mwali kama huo, na lita yake ina gramu 792 hivi. Mizani yako haitaitambua. Mwezi wa Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Kwa hiyo usiipime spiriti kwa ulimi kamwe. Majaribio haya yatakuonyesha kama inafaa kwa jiko. Hayawezi kukuhakikishia kwamba yafaa kinywani.