Gurudumu la Nyuma Linajua Uzito Wako

Nina kilo 118. Naanza na namba hiyo kwa sababu muuzaji wa baiskeli hapa Edinburgh hakuniuliza, na mjomba wangu, fundi baiskeli wa Shinyanga, hashiki spana kabla ya kuijua. Kwake swali la kwanza ni moja tu, awe mteja mkulima wa pamba au mwanafunzi: utabeba nini?

Msitu wa Glentress, karibu na mji wa Peebles, hauko mbali na ninapoishi. Mwaka 2023 baadhi ya mbio za baiskeli za milimani za ubingwa wa dunia zilifanyika humo. Njia zake ni mizizi, mawe, na kona zenye kingo za udongo ambazo baiskeli inazipanda ubavu. Nilipoanza kwenda huko nilinunua magurudumu mepesi ya inchi 29, spoki 28 mbele na 28 nyuma. Muuzaji aliyaweka kwenye mizani mbele yangu akanisomea gramu. Ndani ya miezi mitano spoki nne zilikuwa zimekatika, zote za gurudumu la nyuma, zote pale shingoni, spoki inapojikunja kuingia kwenye habu.

Nilimpigia mjomba simu ya video. Baada ya shikamoo na habari za mvua nikamwonyesha gurudumu.

“Mjomba,” akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, “nyuma kuna spoki ngapi?”

“Ishirini na nane.”

“Na mbele?”

“Ishirini na nane.”

“Kwani mbele na nyuma vinabeba sawa?”

Baiskeli za mizigo alizojifunzia kazi zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Gunia la mahindi hukaa kwenye keria, na mwendeshaji mwenyewe uzito wake mwingi uko nyuma, kwa hiyo gurudumu la nyuma lilipewa miguu zaidi. Mpangilio huo ulitoka hapahapa Uingereza, kwenye Raleigh za zamani. Huku umepotea madukani. Kwetu unaendelea kubeba mkaa na madumu ya maji kila asubuhi.

Niliposoma zaidi ndipo nikaelewa kwa nini zangu zilikatika. Spoki haisimami chini ya habu kama nguzo chini ya dari. Zote zimevutwa, na ukikaa juu ya baiskeli zile za chini hulegea kidogo, kisha hukaza tena gurudumu likizunguka. Kulegea na kukaza, maelfu ya mara kwa safari moja. Chuma huchoka kama waya unaoukunja na kuukunjua mkononi. Mtu mzito huzilegeza zaidi, na spoki chache maana yake kila moja inabeba fungu kubwa. Upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma una shida ya ziada: upande wa kulia meno ya gia yamechukua nafasi, spoki zake zimesimama karibu wima na zimekazwa sana, na za kushoto mara nyingi hubaki na kidogo tu zaidi ya nusu ya mkazo huo. Spoki zangu tatu kati ya nne zilikuwa za kushoto.

Jobst Brandt, mhandisi Mmarekani, aliyaeleza haya katika kitabu chake The Bicycle Wheel, kilichotoka mwaka 1981. Anashauri pia kwamba ukimaliza kukaza, uzishike spoki mbilimbili uzibane kwa nguvu ili kuondoa mikazo iliyobaki ndani ya chuma chake. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Nimemwona mjomba akifanya hivyohivyo tangu nikiwa mtoto, chini ya mwarobaini, akibana jozi moja baada ya nyingine kuzunguka ringi yote. Kisha huzigonga na kusikiliza. Iliyolegea hutoa sauti nzito, naye huirudia mpaka za upande mmoja zilie sauti moja.

Huku kuna kifaa cha kupima mkazo, na nakipenda, kwa sababu sikio langu si la mjomba. Lakini gurudumu langu la dukani lilifungwa na mashine, na nilipolipima likiwa jipya kabisa nilikuta spoki za upande mmoja zinapishana sana. Hakuna aliyelirudia kwa mkono. Hilo ndilo linalonikera: pesa nyingi hulipwa kwa wepesi wa ringi, na ile nusu saa ya mikono, ambayo ndiyo nguvu ya gurudumu, inarukwa.

Kwa hiyo nililisuka upya la nyuma. Habu ni ya upana wa milimita 148, ambayo imezitenganisha spoki za pande mbili zaidi kuliko habu za zamani, hivyo gurudumu linasimama imara kwenye kona. Spoki 32, kila moja ikikatiza nyingine tatu. Nipeli, zile nati ndogo zinazoshika spoki kwenye ringi, ni za shaba badala ya aluminiamu. Ringi ya aluminiamu, upana wa ndani milimita 30, na tairi la inchi 2.4 lenye upepo zaidi kidogo ya ule wanaoujaza wenzangu wembamba. Ringi za kaboni niliziacha: bei yake ni kubwa, na aluminiamu ikipinda mara nyingi hunyoosheka. La mbele nimeliacha na spoki zake 28, ila nimezikaza upya. Wepesi niliutafuta huko mbele, ambako uzito wangu mwingi hauko. Spoki nne za ziada pamoja na nipeli zake ni kama gramu 30. Maji ya kikombe kimoja ni mazito kuliko hizo mara kadhaa.

Mimi na mjomba tulitofautiana kuhusu spoki zenyewe. Yeye anataka nene mwanzo hadi mwisho. Mimi nilichagua zenye milimita 2 kwenye ncha na 1.8 katikati.

“Chembamba ndicho kinachokatika,” alisema.

Nikamwambia sehemu nyembamba inavutika kidogo kila pigo linapokuja, kwa hiyo shingo, ambako zangu zilikatikia, hupata nafuu. Ni nyepesi na hudumu zaidi. Akaniomba nisogeze simu karibu. Akaitazama spoki kwa muda, akaniuliza bei, akanyamaza.

Wiki iliyopita amenitumia ujumbe. Ana mteja anayeuza maji kwa madumu, kila mwezi anakatikiwa spoki za nyuma, na mjomba anataka tuzijaribu spoki kama zangu kwake. Nakwenda Desemba. Ameniambia nisinunue chochote kwanza, mpaka apime urefu.