Theluji Juu ya Paa: Nyumba Zetu za Buffalo

Mji wa Buffalo, katika jimbo la New York nchini Marekani, umekaa kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, na majira ya baridi hapa hutawaliwa na ziwa hilo. Upepo baridi hupita juu ya maji ambayo bado yana joto la kiangazi, hubeba mvuke, kisha huumwaga nchi kavu ukiwa theluji. Novemba 2022 kitongoji cha Orchard Park, kusini mwa mji, kilipata theluji ya takriban mita 2 kwa siku chache, ilhali mitaa ya kaskazini ilipata kidogo.

Wengi wetu tuliotoka Kongo, Burundi na Somalia, baadhi kwa kupitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, tumepanga katika nyumba kongwe za mbao, familia moja chini na nyingine juu. Paa kuvuja wakati wa mvua si jambo geni kwetu. Hapa huvuja siku ambayo hakuna hata tone linalodondoka, na mgeni hustaajabu maji yametoka wapi.

Yametokana na joto lake mwenyewe. Joto la chumbani hupanda, hupenya dari na kuyeyusha theluji iliyolala juu ya paa. Maji hutiririka hadi upenuni, mahali pasipo na joto chini yake, yakaganda. Barafu ikishajenga ukingo, maji yanayofuata hukosa njia, hurudi chini ya vigae na kuingia ukutani. Ndiyo maana ile mikuki ya barafu inayoning'inia upenuni, ambayo wageni huipiga picha, sisi huitazama kama dalili ya maradhi. Nyumba yenye siha ni ile ambayo theluji imetulia juu yake bila kuyeyuka. Dawa ni kuziba mianya ya darini na kutandika tabaka nene la kuzuia joto kabla ya baridi. Kazi hiyo ni ya mwenye nyumba, na mpangaji asione haya kuidai. Kupanda paani na shoka ni kujitafutia mauti. Reki yenye mpini mrefu hutosha, mtu akiwa amesimama chini.

Hiyo ni hasara ya mali. Liko la roho. Mitambo mingi ya gesi ya kupasha nyumba joto hutoa moshi kwa bomba lililo ubavuni mwa ukuta, karibu na ardhi. Theluji ikilifunika, hewa ya kaboni monoksidi hurudi ndani, isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo sumu ile ile inayowaua kwetu watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Tumekuta familia zikiliziba bomba hilo kwa matambara, kwa nia njema ya kuzuia baridi. Hivyo tunaomba sepetu ianzie hapo, ndipo mlangoni, ndipo kwenye njia ya miguu, ambayo kuisafisha ni sheria ya mji na, kwa Muislamu, ni kuondoa udhia njiani, tawi mojawapo la imani. King'ora cha kutambua sumu hiyo nacho kiwe karibu na vyumba vya kulala.

Tarehe 23 Desemba 2022 ilikuwa Ijumaa. Asubuhi magari yalipigwa marufuku barabarani, na dhoruba ile iliua zaidi ya watu 40: wengine ndani ya magari yaliyokwama, wengine katika nyumba zilizokosa umeme, wengine mioyo ilisimama wakichota theluji. Baadhi ya wazee wetu waliona uzito kuiacha Ijumaa. Lakini Ibn Umar (r.a.) aliadhini usiku wa baridi na upepo, kisha akawatangazia watu waswali majumbani, akieleza kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru muadhini wake afanye hivyo.

Siku hizi tangazo la kamati hutoka mapema, kabla watu hawajavaa viatu. Nusu yake ya pili huuliza nani anaishi peke yake, na jirani gani mwenye sepetu yuko karibu naye.